Jina la Gaidi na Haki ya Kuandamana



Tarehe 26 Juni 2025, siku moja baada ya maandamano ya kuwakumbuka vijana waliouawa Juni 2024, Waziri wa Usalama wa Ndani, Kipchumba Murkomen, alitangaza kwamba yaliyotokea hayakuwa maandamano bali ugaidi uliovikwa vazi la upinzani. Waziri huyu ni mwanasheria mwenzetu na jirani yetu wa Elgeyo Marakwet. Uzito wa neno hilo mbele ya sheria anaujua. Punde si punde, vijana waliokamatwa wakawa wanafikishwa katika mahakama ya Kahawa chini ya Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2012.

Na tuifungue sheria yenyewe. Kifungu cha 2 kinasema kwamba tendo linalovuruga huduma katika maandamano au mgomo halihesabiwi kuwa ugaidi, maadamu halikukusudiwa kuleta madhara makubwa yaliyotajwa humo. Aliyepora duka ashtakiwe kwa wizi, na aliyechoma kituo cha polisi ashtakiwe kwa kuchoma. Kanuni za Adhabu zinatosha kabisa. Mwanaharakati Boniface Mwangi alipokamatwa tarehe 19 Julai 2025, polisi walitaja ugaidi. Alipofikishwa kortini siku mbili baadaye, alisomewa shtaka la kupatikana na risasi kinyume cha sheria. Lakini nchi nzima ilikuwa imekwisha kulisikia lile neno la kwanza.

Wazee wetu wanalikumbuka. Tangu hali ya hatari ya 1952, mkoloni aliwaita wapiganaji wa Mau Mau magaidi, na kwa jina hilo akawafungia maelfu ya watu kambini bila kesi. Baada ya uhuru jina likawa shifta, na Kaskazini Mashariki ikatawaliwa kwa sheria za hali ya hatari hadi mwaka 1991. Aprili 2014 Wasomali kwa maelfu walikamatwa Eastleigh, wengi wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani. Tukiri kwamba wengi wetu huku tulinyamaza, kwa kuwa jina halikuwa letu.

Hatusemi ugaidi haupo. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, na Wakristo walitengwa na wenzao ili wauawe. Kumpa kijana aliyebeba bendera na chupa ya maji jina moja na wauaji wale ni kuwakosea heshima marehemu.

Kifungu cha 37 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuandamana kwa amani bila silaha. Haki hiyo haijafutwa, wala hapana haja ya kuifuta iwapo hofu ya jina itafanya kazi hiyo. Mzazi akisikia mwanawe ni gaidi, huona haya hata kuomba maombi kanisani, na jirani huacha kubisha hodi.

Kwa hiyo tunawasihi wachungaji, mapadre na wazee wa kanisa hapa Eldoret: kijana wa ushirika wenu akishtakiwa hivyo, msingoje hukumu. Fuataneni na mzazi hadi kortini, muulize ni kifungu gani kilichoandikwa katika hati ya mashtaka, na mtafute wa kumsimamia dhamana.