Filta ya nyumbani

Juzi tulipomaliza kurekodi nilimpigia Ami yangu Mombasa kumjulia hali. "Shikamoo Ami." Marahaba ikaja, lakini baridi. Kisha: "Kumbe u hai."

Alikuwa amenitumia imeili tatu. Nyanya alikuwa anapasuliwa mtoto wa jicho, na kabla ya kwenda hospitali alitaka asikie sauti yangu. Nilibadilisha namba ya simu mwezi Machi nikasahau kumpa Ami. Basi mzee wa miaka sabini na kitu akakaa kwenye kompyuta akaniandikia. Mara tatu. Mimi kimya.

Wallahi sikuziona. Natumia Thunderbird, na nina filta: barua yoyote ya Ami au ya binamu zangu iende moja kwa moja kwenye folda yao. Inboksi yangu ni soko: ofa za viatu, bili, kazi. Folda ya Nyumbani ndiyo ninayoifungua kwanza kila asubuhi. Miezi yote hiyo haikuwa na kipya. Nikasema alhamdulillah, huko shwari.

Nilipochunguza, nikaona aibu. Wakati fulani nilifanya usafi. Nikatengeneza folda mpya, "Nyumbani", nikahamishia barua za zamani, nikaifuta ile ya kwanza iliyoitwa "Mombasa". Programu haikukosea. Ukitaka kufuta folda ambayo filta inapeleka barua humo, inakuuliza kwanza, inakwambia filta itazimwa. Nikabonyeza ndiyo bila kusoma, kama tunavyofanya sote. Ningebadilisha jina tu la folda, filta ingeifuata.

Kinachoponza ni kwamba filta iliyozimwa haipotei. Jina lake bado liko kwenye orodha, ukipitisha macho haraka unaona mambo sawa. Kilichoondoka ni ile alama ya vema pembeni. (Outlook ya kompyuta wana afadhali, kanuni yenye hitilafu inaandikwa kwa rangi nyekundu.)

Kurekebisha ni dakika mbili: fungua orodha ya filta, hariri, chagua folda iliyopo sasa, rudisha vema. Lakini usiishie hapo, maana filta hushika barua zinazoingia. Zile zilizokwisha kulala inboksi hazigusi. Kwenye orodha hiyohiyo chagua inboksi, kisha uiendeshe kwa mkono.

Nikaiendesha. Barua tatu za Ami zikahamia Nyumbani, zote hazijasomwa. Ya mwisho ilikuwa na mstari mmoja: "Nyanya anauliza kama huko kwenu simu huganda kwa baridi."

Ami nimemuomba radhi, kasema yamekwisha, ingawa namjua, itatajwa kwenye harusi ijayo. Nyanya nimempigia siku ileile. Bandeji imetoka. Sauti hataki tena, anataka video, aone kama nimekonda.