Chini ya udongo mtu anabaki mtu

Wiki hii picha moja inatembea sana katika simu za watu wa Baraka. Kijana wa kwetu anayeishi Uswidi aliituma kwa wazazi wake, nao wakaituma kwa wengine, mpaka ikafika kwenye carrière za Misisi na Lubichako. Inaonyesha pango kubwa lililochimbwa katika mwamba. Ukuta hauna tofali: jiwe limebaki na mabonde na vilima vyake, kama lilivyopasuliwa. Juu ya jiwe wamepaka rangi nyeupe, na juu ya nyeupe wamechora majani makubwa ya buluu yanayopanda mpaka juu kabisa. Katikati watu wamesimama na mifuko yao, wanangoja treni.

Mchimbaji mmoja aliitazama, akasema: « Ile njo galerie. Balipaka tu rangi. » Wenzake wakacheka. Lakini huyu ndugu hakukosea. Ile ni galerie kweli. Nataka leo tuizungumzie, kwa sababu mvua inakaribia na mashimo yetu yanajulikana hali yake.

Ile ni gare ya T-Centralen, katika mji wa Stockholm. Ni ya metro, yaani treni ya umeme inayopita chini ya mji. Metro ya kwanza duniani ilifunguliwa London tarehe 10 Januari 1863, ikivutwa na mashine za moshi. Paris wakafungua yao mwaka 1900. Katika Afrika, Cairo ndio walitangulia, mwaka 1987. Kwetu Kongo haipo bado. Lakini ndugu zetu wanaoishi Bruxelles wanashukia kila siku Porte de Namur, pembeni ya mtaa wanaouita Matonge, na wale wa Paris wanapanda Château Rouge wakienda kununua sombe na samaki. Hakuna anayeaga familia kwa sababu anashuka chini.

Kwa nini wao wanashuka bila woga, na siye tunashuka kwa maombi? Mwamba ni mwamba, maji ni maji, na giza la chini ni moja huko na huku. Tofauti ni mawazo ya wale waliopanga kazi.

Tuangalie tena ile picha. Wakati walipochimba njia ile ya Stockholm, iliyofunguliwa 1975, hawakujenga ukuta mwingine wa kuficha mwamba. Waliupulizia beton moja kwa moja, ikashika jiwe, halafu wakampa msanii Per Olof Ultvedt apake rangi. Alichagua buluu ili watu wanaokimbilia treni wapate utulivu. Na juu ya dari, katikati ya majani, alichora vivuli vya watu wakiwa kazini: ni wale waliojenga ile gare. Msafiri akiinua macho anawaona.

Rangi ile imekuja mwisho. Kwanza jiwe lilishikwa. Halafu dari ilipewa umbo la upinde, maana upinde unapeleka uzito pembeni, hauuachi uanguke katikati. Wazee wetu wa boisage wanalijua jambo hili bila kulisoma popote: galerie yenye mgongo wa mviringo inavumilia, ile ya dari bapa inakusaliti. Kwa hiyo sehemu kubwa ya uzuri unaouona katika metro ni usalama uliofanywa vizuri mpaka ukapendeza.

Paris nako ni vilevile. Walipofunga kuta za metro yao kwa vigae vyeupe vinavyong'aa, hawakutafuta urembo tu. Taa za wakati ule zilikuwa dhaifu, na kigae cheupe kinarudisha mwangaza. Mtu anaona anapokanyaga. Siye tuna chokaa hapa, na chokaa si dhahabu. Ni nani kati ya wenye mashimo aliyewahi kupaka chokaa kwenye mdomo wa shimo na pembeni ya ngazi, ili anayetoka mbio aone njia?

Twende Moscow. Gare ya Mayakovskaya ilifunguliwa 1938, mita 33 chini ya ardhi. Tukumbuke hapo kwamba kanuni za nchi yetu zinamkataza mchimbaji wa mikono kupita mita 30. Wao wako mita tatu tu chini ya mpaka wetu. Aliyeichora, Alexey Dushkin, alitumia nguzo za chuma nyembamba ili dari ipande juu na mtu asijisikie kubanwa. Ndani ya dari msanii Alexander Deineka akaweka picha za vipande vidogo vya rangi, zinazoonyesha anga ya asubuhi, ya mchana na ya usiku, na ndege zinapita. Alitaka mtu aliye chini kabisa akiinua kichwa aone mbingu.

Kati ya waliochimba metro ile walikuwamo wachimbaji wa makaa ya mawe walioletwa kutoka Donbass. Watu wa kazi yetu. Wakati wa vita, mabomu yalipoanguka juu ya Moscow, wamama na watoto walishuka kulala ndani ya gare zile. Shimo likawa mahali pa kukimbilia.

Sitaki kudanganya mtu. Metro ile ilijengwa chini ya utawala mkali wa Stalin, na katika miaka ileile ya kuichimba njaa iliua mamilioni ya watu vijijini. Uzuri unaweza kutumiwa kufunika ubaya. Hata hapa tumeona bango jipya mbele ya carrière, lenye rangi nzuri na maneno ya usalama, na nyuma yake shimo halina hata kamba. Kwa hiyo tusiombe rangi kabla ya miti.

Hata wale wakubwa walijifunza kwa vifo. Tarehe 18 Novemba 1987, gare ya King's Cross ya London ilishika moto. Ngazi za umeme zilikuwa za mbao, na chini yake kulijaa mafuta na uchafu. Watu 31 walikufa. Baada ya hapo ulifanyika uchunguzi mbele ya watu wote, mambo ya kubadilisha yakaandikwa, na ngazi za mbao zikaondolewa.

Siye tunafanya nini? Tarehe 11 Septemba 2020, kule Kamituga, mvua kubwa ilijaza mashimo maji na karibu watu 50 wakabaki ndani. Nchi nzima ililia. Lakini ni carrière ngapi za Fizi zilizobadilisha kitu kwa sababu ya Kamituga?

Mimi pia nimeyaona. Nilikuwa bado nachimba, katika shimo moja ambalo sitalitaja. Miti ya boisage ilikuwa ya msimu uliopita, imeoza, ukiigusa inatoa unga. Tulimwambia PDG. Akajibu: « Mumalize kwanza hii filon, miti tutaleta nyuma. » Ukuta ulishuka asubuhi ya siku ya tatu. Tulitoka wanne tukiwa tumeingia watano. Pesa ya miti ingekuwa ndogo kuliko ile iliyonunua jeneza.

Najua jibu la wenye mashimo: « Sendika, munatuletea mambo ya Wazungu. Metro ni ya serikali tajiri, siye tunatafuta chakula. » Baba zetu, tunawaheshimu, ninyi munaweka pesa yenu katika udongo bila kujua kama utalipa. Lakini hakuna anayewaomba vigae vya Paris. Tunaomba mambo matano, na yote yanawezekana kabla ya mvua.

La kwanza, boisage iwe gharama ya kwanza. Tunajua jinsi hesabu inavyofanywa: gharama zinatolewa, halafu ndio tunagawana. Basi miti mipya iandikwe juu kabisa ya hiyo liste, mbele ya mafuta ya mashine na mbele ya vinywaji vya wageni.

La pili, njia ya pili ya kutokea, au angalau ngazi na kamba nzima. Gare ya metro inapangwa kwa kufikiria namna watu watakavyotoka. Shimo letu linapangwa kwa kufikiria namna mawe yatakavyotoka.

La tatu, alama za picha. Metro ya Mexico, iliyofunguliwa 1969, ilimpa Lance Wyman kazi ya kuchora alama ya kila gare: mnyama, ua, kengele. Asiyejua kusoma naye anajua anaposhuka. Kati yetu kuna wengi ambao vita viliwanyima masomo. Mshale mweupe wa kutokea, mkono mwekundu pale hewa ilipo mbaya, tone la maji pale panapovuja. Fundi wa rangi wa Baraka anaweza kufanya hayo kwa siku moja.

La nne, ramani. Mwaka 1931 Harry Beck, mchoraji wa mipango ya umeme, alichora ramani ya metro ya London kwa mistari minyoofu ya rangi, na mpaka leo miji mingi inamwiga. Kwetu galerie za mashimo mawili zinakutana chini bila mtu kujua, na maji ya shimo moja yanaua watu wa shimo lingine. Kila PDG achore galerie zake kwenye karatasi, nakala moja ikae kwa watu wa SAEMAPE, nyingine kwa kamati ya wachimbaji. Na mvua kubwa ikianza, watu wote watoke, bila kukatwa fungu lao.

La tano, majina. Ng'ambo ya ziwa letu, Watanzania wamejenga gare kubwa ya treni ya umeme pale Dar es Salaam, na umbo lake wamelitoa katika tanzanite, jiwe linalochimbwa kwao Mererani. Wamelipa jiwe heshima, na ni vizuri. Stockholm wamechora wafanyakazi wenyewe. Siye hatuna hata ubao mmoja wenye majina ya waliobaki chini. Mjane akipita pale anaonyesha kilima cha udongo kwa mkono, anawaambia watoto: baba yenu yuko pale.

Kazi hii si ya wachimbaji peke yao. Wamama munaotwanga mawe pembeni ya mashimo, ninyi munaona miti inayoshuka na isiyoshuka. Mukiona siku tatu hakuna mti mpya, semeni. Wake za wachimbaji, mwulizeni bwana asubuhi: ngazi iko? Kijana akijibu « tumezoea », hapo ndipo pa kuogopa.

Sendika itapita carrière kwa carrière kabla ya mvua kushika, kuanzia Misisi. Tutabeba hii liste ya mambo matano na kuiweka mbele ya kila PDG, uso kwa uso, na mbele ya watu wake. Atakayekubali tutamtaja kwa jina jema. Kwa atakayekataa, tutawaomba wachimbaji wakae juu mpaka miti ifike.