Gharama Zisizoonekana Ukutani

Katika vijiji vyetu vya Fizi, kijana akikaribia kuoa, mara nyingi hujenga aneksi katika paseli ya baba yake. Desturi hiyo ni njema. Tangu watu warudi kutoka kambi za Tanzania, na kwa sababu ya jamaa zinazokimbia vita milimani, ua mmoja hubeba nyumba mbili au tatu.

Tulimsindikiza kijana mmoja wa Lubondja katika ujenzi huo. Alikuwa amehesabu vema: matofali aliyoyachoma mwenyewe, mbao, misumari, mabati ya kununuliwa Baraka, ujira wa fundi. Kuta zilipopita madirisha, ndipo wageni wakaja. Wa kwanza aliuliza kibali cha kujenga. Wa pili alisema paseli haijapimwa, naye mpimaji hulipiwa safari, chakula na malazi. Wa tatu alidai nakala za hati ambazo baba hakuwahi kuwa nazo. Fedha za mabati zikaliwa na makaratasi, tena makaratasi yenyewe hayakuonekana: katika malipo manne alipewa risiti moja.

Tusikosee hapa. Si kila ada ni wizi. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema wazi kwamba ardhi ya Kongo ni mali ya Serikali. Raia hupewa haki ya kuitumia, na haki hiyo huthibitishwa na cheti cha uandikishaji. Karatasi ya shefu wa kijiji ni ushahidi mwema, lakini si cheti hicho. Baba anayesema kwamba babu yake alilima hapo husema kweli mbele ya ukoo. Mbele ya ofisi hana cha kuonyesha. Kupima na kutoa kibali kuna bei yake halali. Lakini bei halali huandikwa, pamoja na jina la mlipaji na sababu ya malipo, na fedha huingia katika hazina, haziishii mfukoni mwa aliyekuja kwa pikipiki.

Wengine watasema kwamba kudai risiti ni kumkosea heshima mkubwa. Sisi wakatekista tumechangia woga huo. Tumewafundisha vijana utii, hatukuwafundisha kuuliza bei. Hata habari ya mjenzi wa mnara, katika Luka 14, tumeieleza miaka yote kana kwamba inahusu roho peke yake, kumbe mtu yule alikaa chini kuhesabu fedha.

Basi kijana aulize kabla ya kuchimba msingi, kwa maana aliyekwisha kupandisha kuta hana nguvu ya kubishana. Aende pamoja na baba au mjomba, na daftari mkononi. Vijana watatu wakipimiwa paseli siku moja, safari ya mpimaji hugawanywa. Tena ndugu wote wakubaliane kwa maandishi aneksi ni ya nani, baba angali hai. Mambo haya mawili ya mwisho hayahitaji fedha nyingi, nayo ndiyo yanayosahauliwa zaidi.

Kijana wetu alifunga ndoa. Nusu ya aneksi yake ina mabati, nusu ina nyasi, na ile risiti moja ameifunga katika plastiki.