Manukato ya Konyaki Yataka Mnunuzi Mwenye Subira

Manukato si kama sufuria, ambayo jinsi uionavyo dukani ndivyo itakavyokuwa jikoni. Manukato hubadilika kadiri saa zinavyopita, na asiyelijua hilo aweza kutoa sehemu kubwa ya mshahara wake kwa harufu atakayoichukia kabla jua halijatua.

Wiki hii na tuchukue mfano wa manukato yanayosifiwa sana, Angels' Share, yaliyotolewa mwaka 2020 na nyumba ya manukato iitwayo Kilian. Nyumba hiyo ilianzishwa mwaka 2007 na Kilian Hennessy, Mfaransa wa ukoo uleule uliojipatia jina kwa konyaki. Fundi aliyeyachanganya ni Benoist Lapouza.

Jina hilo lina kisa chake. Konyaki ni kileo kikali kinachokenekwa kutokana na mvinyo wa zabibu, kisha hulazwa kwa miaka katika mapipa ya mti wa mwaloni. Mbao za pipa hupitisha hewa, na kila mwaka asilimia 2 hivi ya kileo hugeuka mvuke na kupotea. Wafaransa huiita hasara hiyo sehemu ya malaika, na ndiyo maana ya jina Angels' Share.

Sasa tutazame yanavyokwenda mwilini. Kinachotangulia kuruka ni spiriti iliyoyabeba, nayo huchoma pua kwa muda mfupi. Anayeamua papo hapo huwa ameihukumu spiriti, hajayahukumu manukato. Baada yake hujitokeza konyaki yenyewe, tamu na yenye ukali kidogo. Kisha huja mdalasini, mwaloni na tonka, mbegu ya mti wa Amerika ya Kusini ambayo harufu yake yakaribia vanila. Hatimaye hubakia vanila, msandali na utamu kama wa lozi zilizokaangwa kwa sukari. Ndiyo sababu watu husema ni manukato ya joto.

Mpangilio huo si uchawi. Chembe nyepesi huruka upesi, nzito hukawia. Joto la mwili huziharakisha zote; ngozi kavu huyapoteza manukato mapema, na ile yenye mafuta huyashika kwa muda mrefu zaidi. Kwa hiyo mume na mke waweza kutumia chupa moja, na kila mmoja akanukia kwa namna yake.

Basi mnunuzi afanyeje? Kwanza, asiridhike na kijikaratasi cha dukani, kwa maana karatasi haina joto la mwili. Atie tone moja kwenye kifundo cha mkono, asilisugue, kisha aende zake sokoni au kazini. Anuse baada ya nusu saa, na tena jioni. Asijaribu aina nyingi siku moja, kwani pua huchoka. Pili, awaulize wa nyumbani mwake, maana mwenye kujipaka huizoea harufu yake upesi akadhani imekwisha, akaongeza tena na tena, na abiria wenzake ndani ya basi wakateseka.

Tatu, afikiri ni wapi atakayatumia. Manukato yanayokumbusha pipa la kileo yapendeza arusini usiku wa baridi. Mchana wa jua kali huweza kulemea. Na baba anayerejea nyumbani akinukia konyaki asistaajabu akiulizwa alipitia kilabu gani.

Aina hii ya manukato huuzwa kwa bei ya juu, na chupa za bandia ni nyingi. Hakuna aibu kuyaacha, wala hakuna dhambi kuyanunua kwa fedha iliyowekwa akiba. Lakini muuzaji akikukataza kuondoka na tone moja mkononi ukalipime, nawe zikataze fedha zako kuondoka mfukoni.