Usimpe Fundi Bisibisi Kabla ya Kupima Tangi Tatu



Siku hizi naulizwa swali moja kuliko ninavyoulizwa habari za viwavi na ukungu wa viazi: "Bwana shamba, fundi anasema atanipunguzia ulaji wa mafuta kwenye pikipiki. Nimpe?" Jibu langu ni fupi: usimpe. Leo naeleza sababu, maana biashara hii ya "kupunguza mafuta" imekuwa shimo la kumezea fedha za vijana wetu, na wengi wanaifurahia hadi siku injini inapolia.

Atakayesema pikipiki si kazi ya ugani aje asimame njiani asubuhi ya siku ya soko. Kabichi, karoti, viazi, peasi na plamu hushuka kwa pikipiki kabla ya kuona gari. Mbegu, dawa na mbolea hupanda kwa pikipiki hiyo hiyo. Hata sisi maafisa ugani, tangu Serikali ilipotugawia pikipiki mwaka 2022, ushauri wetu unamfikia mkulima kwa petroli. Petroli ikiliwa hovyo, bei ya tenga shambani ndiyo inayopungua. Kwa hiyo hili ni jambo la shamba.

Wanachokuuzia

Bidhaa zao ni nne, nazo tuzitazame moja moja.

Ya kwanza ni kuzungusha skrubu ya kabureta. Boxer na TVS HLX nyingi tunazoendesha huku ni za kabureta, na skrubu ile ndogo ya pembeni hutawala mchanganyiko wakati injini inanguruma bila kuvutwa au inapoanza tu kuvutwa. Unapopanda mlima na gia ya pili ukiwa na matenga mawili nyuma, petroli inapita kwenye jeti kubwa, na skrubu ile karibu haina kazi. Basi umemlipa fundi akurekebishie mafuta ya kusimama kijiweni. Tena akiibana kupita kiasi, asubuhi ya baridi yetu pikipiki haiwaki. Unavuta choki, nayo choki inamwaga petroli nyingi kuliko ile uliyodhani umeiokoa.

Ya pili ni kubadili jeti kubwa na kuweka ndogo, au kushusha sindano ya kabureta. Hii ina nguvu kweli, na ndiyo inayoua injini. Nitairudia.

Ya tatu ni "kutuni injekta". Pikipiki za injekta bado ni chache huku, lakini zinakuja. India ililazimisha viwango vipya vya moshi kuanzia Aprili 2020, na viwanda vyake vikahamisha pikipiki nyingi za soko la kule kutoka kabureta kwenda injekta. Huko ndiko zinakotoka nyingi za kwetu. Fundi anakuunganishia kikebe chenye waya mbili na kukuambia kompyuta sasa imefundishwa kubana matumizi.

Ya nne ni sumaku ya kufunga kwenye mpira wa petroli na vidonge vya kutia tangini. Wamarekani wana shirika lao la mazingira, EPA, ambalo limepima vifaa vya namna hii zaidi ya 100 kwa miaka mingi. Vilivyoonyesha faida yoyote ni vichache sana, na faida yenyewe ilikuwa ndogo. Ukiuziwa sumaku, umenunua sumaku.

Hesabu ya kijana wa mkataba

Chukua kijana anayetembea kilomita 80 kwa siku, pikipiki ikimpa kilomita 40 kwa lita. Anatumia lita 2. Tuseme lita ni shilingi 3,000, maana bei kikomo hubadilika kila mwezi EWURA inapotangaza. Hiyo ni shilingi 6,000 kwa siku. Fundi anaahidi kilomita 45 kwa lita. Tukubali ahadi yake nzima bila kubisha: kijana atatumia lita 1.78 hivi, na ataokoa kama shilingi 670 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni shilingi 17,000 na kidogo.

Sasa weka upande wa pili pistoni, ringi, silinda na mkono wa fundi. Bei unaijua mwenyewe. Ongeza siku ambazo pikipiki imelala gereji wakati hesabu ya tajiri inaendelea kudaiwa. Kijana wa mkataba akikosa hesabu wiki moja, tajiri ananuna. Akikosa mbili, pikipiki inachukuliwa, na miezi yote aliyokwisha kulipa inakwenda nayo. Kitu kinachohatarishwa hapa ni pikipiki nzima, kwa ajili ya shilingi 670.

Hoja yao yenye ukweli

Nisiwaonee mafundi. Wana hoja moja ya kweli, na ndiyo inayofanya watu wawaamini.

Hewa ya milimani ni nyepesi. Kila mita 1,000 unazopanda, uzito wa hewa hupungua kwa karibu asilimia 10. Lushoto mjini pako mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Kabureta haijui kwamba umepanda mlima. Inaendelea kutoa petroli kama ilivyopangwa kiwandani, huku hewa imepungua. Matokeo yake mchanganyiko unakuwa mzito, plagi inapata masizi meusi, na petroli nyingine inatoka na moshi bila kufanya kazi. Mtu akiwekewa jeti ndogo kidogo huku juu, ni kweli anaweza kuona nafuu.

Lakini pikipiki yako haikai huku juu. Jumatatu iko Mgwashi, Jumanne inashuka Mombo au Korogwe, chini ya mita 500, kwenye joto na hewa nzito, barabara imenyooka na wewe umevuta mafuta hadi mwisho ukiwa na mzigo. Jeti iliyotosha mlimani sasa inatoa petroli kidogo kuliko hewa inayoingia. Ili petroli iungue sawasawa, inataka uzito wa hewa mara 14.7 ya uzito wake. Ukipitisha hewa zaidi ya hapo kwa mbali, huku injini imebeba mzigo mzito, joto linapanda, valvu ya moshi inaungua, na pistoni inaweza kukwama au kutoboka. Petroli iliyo ndani ya silinda hupoza pia, na wewe umelipa ili ipunguzwe.

Nimeona plagi ya kijana mmoja wa hapa baada ya "kupunguziwa": nyeupe kama chokaa. Yeye alifurahi kwamba ni safi. Plagi yenye afya ina rangi ya kahawia hafifu. Nyeusi yenye masizi inasema petroli imezidi au chujio la hewa limeziba. Nyeupe inasema injini inaungua njaa. Kijana yule alikuwa amebakiza miezi michache tu kumaliza mkataba.

Injekta haimhitaji bisibisi

Mwenye pikipiki ya injekta ana bahati, kwa sababu tatizo la mlima limekwisha kushughulikiwa. Kompyuta yake inapima hewa inayoingia, joto la injini na ulivyovuta mafuta, kisha inaamua injekta ifunguke kwa muda gani. Ukipanda, inapunguza petroli. Ukishuka, inaongeza. Nyingi zina pia kihisi cha oksijeni kwenye bomba la moshi, kinachoiambia kompyuta kama mchanganyiko umekuwa mzito au mwepesi, nayo inajirekebisha.

Kile kikebe cha waya mbili mara nyingi ni kikinzani tu. Kinaidanganya kompyuta kuhusu joto. Ikidanganywa kwamba ni baridi, inaongeza petroli, na hapo umelipia hasara. Ikidanganywa kinyume chake, inapunguza petroli kuliko injini inavyohitaji, na tumerudi kwenye pistoni ya yule kijana.

Pikipiki ya injekta ikianza kula mafuta, ina ugonjwa, na ugonjwa hutibiwa. Tazama taa ya injini kwenye dashibodi: ikiwaka au kupepesa, kompyuta inataja kosa, na kwenye pikipiki nyingi idadi ya mapepeso ni namba ya kosa iliyoelezwa kwenye kitabu cha matengenezo. Angalia betri, kwa sababu pampu na injekta hutegemea umeme. Injekta ikiziba, ioshwe kwa kifaa chake, si kwa sindano ya kushonea. Na acha kununua petroli ya kwenye chupa za maji kando ya njia. Maji na vumbi ambavyo kabureta huvumilia kidogo, injekta haivivumilii. Usizoee pia kutembea na tangi likiwa karibu tupu, kwani pampu iliyo ndani ya tangi hupozwa na petroli hiyo hiyo.

Mteremko si petroli ya bure

Hapa nawasema wenzangu waendesha pikipiki, na sitawabembeleza. Kuzima injini na kuteleza kutoka Soni hadi Mombo ili "kuokoa mafuta" ni kuweka roho rehani. Injini ikiwa imezimwa na gia iko huru, uzito wote wa pikipiki, abiria na mzigo unashikwa na breki peke yake. Breki za ngoma zikipata joto zinalegea, na kona za barabara ile hazimsubiri mtu.

Tena hakuna sababu. Kwenye injekta nyingi, ukiachia mafuta huku gia imeingia, kompyuta inakata petroli kabisa mpaka mzunguko wa injini ushuke. Unateremka bila kutumia petroli, na injini inakusaidia kushika. Kwenye kabureta utatumia kidogo sana, kiasi cha kunguruma tu. Ukizima swichi huku gia imeingia, kabureta inaendelea kutoa petroli isiyoungua, inaosha oili kwenye silinda, na ukiwasha tena inalipuka kwenye eksozi. Watoto wanashangilia, wewe unapata hasara.

Petroli yako inapotelea wapi

Mkulima asiyejua mahindi yake yana njano kwa sababu gani, akimwaga mbolea anabahatisha. Pikipiki nayo ni hivyo. Kabla ya kugusa kabureta au injekta, maliza haya:

1. Chujio la hewa. Vumbi la kiangazi huku linaliziba haraka. La sponji lioshwe, likauke na lipakwe oili kidogo. La karatasi libadilishwe. Usilitoe kabisa: vumbi litakula silinda.
2. Upepo wa tairi. Fuata kipimo cha kitabu, na kumbuka tairi la nyuma linataka upepo zaidi ukiwa na abiria. Pima asubuhi, tairi likiwa baridi.
3. Cheni. Ikiwa kavu au imekazwa kupita kiasi inakula nguvu. Iachie mchezo wa sentimita 2 hadi 3, uipake oili kila wiki, na wakati wa mvua mara nyingi zaidi.
4. Breki. Nyanyua gurudumu, lizungushe kwa mkono. Likisimama mara moja, unaendesha huku breki imeshika.
5. Klachi. Injini ikipiga kelele na pikipiki haisogei sawasawa mlimani, klachi inateleza, na petroli inageuka kuwa joto.
6. Plagi na valvu. Nafasi zake zipimwe kwa kipimo cha kitabu, si kwa kukadiria kwa jicho.
7. Oili. Tumia uzito ulioandikwa kwenye kitabu, na ibadilishwe kwa wakati.
8. Mkono wako wa kulia. Kuvuta kwa ghafla na kufunga breki kwa ghafla kunakula mafuta mengi.

Baada ya yote haya, kama plagi bado ni nyeusi na kazi yako yote iko huku juu, zungumza na fundi anayejua namba za jeti. Apunguze hatua moja tu, aitunze ile ya zamani, na ukitaka kushuka kufanya kazi tambarare, irudishwe. Wapo mafundi wa namna hiyo, na wanastahili kila shilingi wanayoomba.

Pima, kisha lipa

Kupima ni rahisi. Simamisha pikipiki kwenye stendi ya katikati, jaza tangi hadi alama moja unayoikumbuka, andika kilomita. Endesha kazi zako za kawaida. Jaza tena hadi alama ile ile, andika lita zilizoingia na kilomita ulizotembea, kisha gawanya kilomita kwa lita. Fanya hivyo mara tatu, kwa sababu tangi moja hudanganya: siku moja mvua, siku nyingine mzigo mzito.

Ukiwa na daftari lenye tangi tatu, nenda kwa yule anayekuahidi kupunguza mafuta. Mwambie: "Fanya kazi yako. Nitaendesha tangi tatu nyingine, plagi ikibaki na rangi yake na kilomita zikiongezeka, nitakulipa." Mwaminifu atakubali mpatane. Mwingine atakasirika na kusema humwamini. Mwache akasirike, washa pikipiki yako, nenda ukachukue mzigo.