Piza Isiyo na Nyanya

Nyumbani kwetu kuna desturi ya kupika piza Jumapili moja katika kila mwezi, na watoto huihesabia siku. Lakini kwa muda mrefu mama mkwe wangu, ambaye anaishi nasi, alikuwa akijitenga siku hiyo na kula ugali na mtindi peke yake barazani. Nilidhani kwamba hapendi vyakula vya kigeni. Kumbe kila alipoonja kipande, usiku kiungulia kilimkesha, naye hakutaka kutuharibia furaha. "Kuleni tu, mwanangu," aliniambia nilipombana aseme kweli, "nyanya na kifua changu havipatani."

Niliona haya. Nikaanza kutafuta namna ya kumrudisha mkekani.

Wengi wetu hudhani kwamba piza bila nyanya si piza. Historia haikubaliani nasi. Asili ya nyanya ni bara la Amerika, nayo ilifika Ulaya katika karne ya 16. Kabla ya kuizoea, watu wa Italia walikuwa wakioka mikate bapa na kuipaka mafuta, vitunguu saumu na jibini. Hata leo mjini Roma huuzwa piza nyeupe isiyo na tone la nyanya. Tena ile iitwayo marinara, mojawapo ya piza za kale za Napoli, haina jibini kabisa. Basi asiyemudu bei ya jibini asivunjike moyo. (Piza ya Zanzibar ikaangwayo Forodhani wakati wa jioni ni jambo jingine: ni unga mwembamba uliofungiwa nyama na yai. Ni tamu, ila si habari ya leo.)

Kwa mikate mitatu, chukua nusu kilo ya unga wa ngano, vijiko vidogo viwili vya hamira, kimoja cha sukari, kimoja na nusu cha chumvi, na vijiko vikubwa viwili vya mafuta. Kanda kwa maji ya uvuguvugu, kiasi cha kikombe kimoja na robo, mpaka unga uwe laini na usigande mkononi. Funika, uache uumuke kwa saa moja hivi.

Sasa tuje kwenye rojo, ambalo ndilo kiini cha maneno yangu. La kwanza ni la boga. Menya nusu kilo, ukatekate, uchemshe kwa maji machache sana, kisha uponde. Lirudishe motoni pamoja na kijiko cha mafuta, chumvi na binzari nyembamba kidogo, ukoroge mpaka mwiko uache njia chini ya sufuria. Usiwe na haraka hapa: rojo jepesi litalowesha mkate, na mkate uliolowa hauna dawa. La pili ni la mchicha: uchemshe, uukamue maji yote, uukatekate, kisha uchanganye na karanga zilizosagwa na tui kidogo. Hili watoto hulipenda mno, lakini Bibi sikumpa, kwa sababu mafuta mengi nayo huchochea kiungulia. La tatu ni la biringanya iliyochomwa juu ya makaa mpaka ganda likaungua, ikamenywa na kupondwa kwa chumvi.

Mboga za juu, kama karoti, uyoga au pilipili hoho, zikaange kidogo kwanza ili zitoe maji yake. Badala ya jibini, chuja lita moja ya mtindi katika kitambaa safi usiku kucha. Asubuhi utapata kitu kizito cha kudondosha juu ya mboga.

Tanuri la kuni la Napoli huivisha piza kwa sekunde 60 hadi 90 kwa joto lipitalo nyuzi 400. Jiko letu la mkaa halifiki huko, kwa hiyo tutumie werevu. Pasha sufuria nzito, weka mkate uliosukumwa, uache upande mmoja ukauke kwa dakika mbili au tatu, kisha ugeuze. Upande huo ulioiva ndio upakwe rojo na kupangwa mboga. Funika, makaa machache yabaki chini na mengi yapakiwe juu ya kifuniko. Baada ya dakika kumi hivi, chungulia.

Kiungulia kinachorudi mara kwa mara ni cha kupelekwa hospitali, jiko halitibu. Bibi alikwisha kwenda, akashauriwa pia asilale mara baada ya kula, ndiyo maana siku hizi piza tunaipika mchana.

Jumapili ile ya kwanza ya boga alikula vipande viwili, akiwa amezungukwa na wajukuu. Asubuhi nilipomwamkia, nilimwuliza amelalaje. Akasema amelala vizuri, ila boga lilitaka chumvi zaidi.