Meseji ya M-Pesa Si Historia

Nimekuwa kimya kwa majuma mawili, kazi zilinikaba. Leo nimerudi, tena nimerudi na hasira, kwa hivyo mnivumilie.

Hasira yenyewe ni juu ya kauli ninayoisikia kila nikikaa na waandishi wenzangu wa programu: "Siku hizi kila kitu kimehifadhiwa." Eti mwanahistoria wa mwaka 2080 atakayetaka kujua Wakenya waliishije atabonyeza tu na kuona. Picha zipo, meseji zipo, video zipo. Jamani, huu ni uongo, na sisi tunaojua jinsi data inavyopotea ndio wa mwisho kustahili kuusema.

Chukua meseji ya M-Pesa, huduma iliyoanza Machi 2007. Inakwambia jina, kiasi na saa. Haikwambii kwamba hizo shilingi 300 zilikuwa za mafuta ya taa, kwamba aliyezituma naye alikopa kwa jirani, au kwamba aliyezipokea alibipu mara tatu kwa kuona haya kuomba. Meseji ni risiti tu. Historia ni hayo mengine yote, na hakuna seva inayoyahifadhi.

Na hata hizo risiti tumeziweka kwenye nyumba za kupanga. Google ilifunga Google+ mwaka 2019. Mwaka huo huo MySpace ikakiri kwamba imepoteza nyimbo ambazo watu walikuwa wamezipakia kwa zaidi ya miaka 10. Mwenye nyumba akichoka, virago nje.

Sijitoi lawamani. Mwaka 2009, ule mwaka wa ukame na mgao wa umeme, nilimrekodi nyanya yangu akieleza jinsi walivyogawana mtungi mmoja wa maji alipokuwa msichana. Nikaiacha sauti ile ndani ya simu. Simu ikaibwa kwenye matatu. Mimi, ninayewahubiria wateja kila siku kuhusu nakala za akiba! Nikajiambia nitamrekodi tena Krismasi. Hakufika Krismasi. Sasa nakumbuka aliyoyasema, lakini si alivyoyasema.

Wengine watasema kazi hii ni ya serikali. Nendeni Nyaraka za Kitaifa pale Moi Avenue, katika jengo lililokuwa Bank of India. Ni hazina, siibezi. Lakini fungueni ripoti za wakuu wa wilaya wa enzi ya mkoloni: mara nyingi mwananchi anaonekana humo akilipa kodi au akishtakiwa. Alikula nini jioni? Alimcheka nani? Aliogopa nini? Karani hakuuliza.

Kuna mahali watu waliuliza. Mwaka 1937 huko Uingereza, Tom Harrisson, Charles Madge na Humphrey Jennings walianzisha Mass-Observation. Tarehe 12 Mei mwaka huo, siku aliyotawazwa Mfalme George VI, watu wa kawaida waliandika jinsi siku yao ilivyokwenda. Vita vilipoanza mwaka 1939, Nella Last, mama wa nyumbani mjini Barrow-in-Furness, alianza shajara aliyoiendeleza hadi miaka ya 1960. Karatasi hizo ziko chini ya Chuo Kikuu cha Sussex, umma umeruhusiwa kuzisoma tangu 1975, na kazi ya kukusanya maandishi mapya ilifufuliwa mwaka 1981.

Sisemi tuige kila kitu. Wachunguzi wao wa mwanzo walisikiliza mazungumzo ya watu kwenye baa bila kuwaambia, na mwaka 1940 walikuwa wakipeleka taarifa kwa Wizara ya Habari. Huo ni upelelezi. Lakini wanaoandika kwa mradi huo siku hizi hutambulishwa kwa namba badala ya majina. Hapo ndipo sisi mafundi tunapohitajika: jina faili moja, habari faili nyingine, na mwenye habari ndiye aamue ifunguliwe lini.

Nawe unayesema maisha yako hayana la kusimulia, hebu ngoja. Bei ya sukuma wiki leo jioni, nauli inavyopanda mvua ikinyesha, utani wa kondakta, sababu ya kutompigia simu ndugu yako. Miaka 60 ijayo hayo yatatafutwa kuliko hotuba za wabunge. Hotuba zina watu wanaolipwa kuziandika. Siku yako ina wewe tu.

Haya, kazi ya nyumbani. Usiku wa leo andika siku yako kwenye faili la maandishi matupu, .txt, kwa UTF-8. Jina la faili lianze na mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Andika kwa lugha uliyoiongea, iwe Kiswahili, Kikamba au Sheng. Ukimrekodi mzee, muombe ruhusa kwanza, kisha mchezee sauti yake aisikie na aseme lipi lifutwe. Weka nakala tatu: moja kwenye tarakilishi yako, moja kwenye flashi iliyo kwa ndugu anayeishi mbali, moja iliyochapishwa. Karatasi haiombi neno la siri.

Na kama nyanya yako yu hai, usingoje Krismasi.